Béla Guttmann: Mkufunzi aliyeponea mauaji ya Wanazi na kuipa Benfica mataji mawili ya Ulaya

MNAMO Mei 1990, kabla ya fainali ya Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya baina ya Benfica ya Ureno na AC Milan ya Italia, nguli wa kabumbu Eusébio da Silva Ferreira aliingia katika makaburi ya Wayahudi mjini Vienna, akasimama mbele ya kaburi moja na kuomba dua.

Aliyelala hapo ni Béla Guttmann, mkufunzi aliyempokea Eusébio mjini Lisbon alipowasili kutoka Msumbiji akiwa kijana wa miaka 18. Kwa mujibu wa simulizi inayopendwa mno na mashabiki wa soka, Guttmann ndiye aliyeilaani Benfica isitwae tena taji la Ulaya kwa kipindi cha miaka 100. Eusébio alikwenda kuomba msamaha kwa niaba ya klabu yake.

Dua hiyo haikufua dafu. Milan ilishinda 1-0.

Watu wengi wanaolifahamu jina la Guttmann wanalijua kwa sababu ya laana hiyo pekee. Huko ni kumpunja marehemu. Kabla ya kufika Lisbon, alikuwa mchezaji wa klabu ya Kiyahudi iliyotwaa ubingwa wa Austria, mhamiaji nchini Marekani, mkimbizi aliyejificha darini na mtoro wa kambi ya kazi za sulubu. Anayeyajua hayo huiona hata hiyo laana kwa jicho tofauti.

Guttmann alizaliwa Januari 27, 1899 jijini Budapest, wakati Hungary ilipokuwa sehemu ya himaya iliyotawaliwa kutoka Vienna. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi iliyojipatia riziki kwa kufundisha dansi, na yeye mwenyewe alihitimu kuwa mwalimu wa dansi angali kijana. Waliomwona uwanjani baadaye walisema kuwa wepesi wa miguu yake ulitokana na malezi hayo.

Soka hata hivyo ilimteka. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alijiunga na MTK, klabu kubwa ya Budapest iliyokuwa na wachezaji, wafadhili na mashabiki wengi wa Kiyahudi. Alicheza kama kiungo wa kati, nafasi ambayo enzi hizo ilikuwa mhimili wa timu nzima, na akashinda ubingwa wa ligi ya Hungary.

Lakini Hungary ya miaka hiyo haikuwa mahali pa amani kwa Myahudi. Himaya ilikuwa imevunjika, mapinduzi ya Kikomunisti ya 1919 yalikuwa yamezimwa, na magenge ya wanajeshi walioyazima yaliwalenga Wayahudi kwa vipigo na mauaji. Mnamo 1920 bunge lilipitisha sheria ya kupunguza idadi ya Wayahudi katika vyuo vikuu. Guttmann alifungasha virago na kuelekea Vienna. Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa, lakini huyu hakukataa kwao. Kwao ndiko kulikomkataa.

Klabu iliyompokea iliitwa Hakoah, neno la Kiebrania lenye maana ya nguvu.

NGUVU YA WANYONGE

Hakoah Vienna iliasisiwa mwaka 1909. Miongoni mwa waliosimama mstari wa mbele kuianzisha ni Ignaz Körner na Fritz Löhner-Beda, mwandishi wa mashairi na maneno ya nyimbo za maigizo ambaye baadaye angeandika kwa ajili ya mtunzi maarufu wa muziki Franz Lehár.

Sababu ya kuianzisha ilikuwa wazi. Vilabu vingi vya michezo nchini Austria vilikuwa vikiwafungia Wayahudi milango, na vingine viliyaandika hayo waziwazi katika katiba zao. Isitoshe, magazeti na vikaragosi vya siku hizo vilimchora Myahudi kama kiumbe dhaifu asiyejua lolote ila vitabu na biashara. Mwaka 1898 daktari na mwandishi Max Nordau alikuwa amewahimiza Wayahudi waijenge miili yao kwa mazoezi ili wajivunie asili yao. Waasisi wa Hakoah waliitikia wito huo.

Klabu haikuwa ya soka peke yake. Ilikuwa na waogeleaji, wanamieleka, wanariadha, wachezaji wa magongo na mafundi wa mchezo wa vitara. Jezi zao zilikuwa za rangi ya samawati na nyeupe, na kifuani waliibeba Nyota ya Daudi. Vienna ya mwaka 1923 ilikuwa na Wayahudi takriban 200,000, na kwa wengi wao kuiona nyota hiyo ikikimbia uwanjani mbele ya maelfu ya watu kulikuwa faraja kubwa.

Si kila mtu alifurahishwa nayo. Mara nyingi wachezaji wa Hakoah walipokelewa kwa matusi, na nyakati nyingine kwa mawe. Wanamieleka wa klabu ndio waliofanya kazi ya kuwalinda, akiwemo Micki Hirschl, ambaye alishinda nishani mbili za shaba katika Michezo ya Olimpiki ya 1932.

Guttmann na wenzake waliwajibu wapinzani kwa miguu. Mnamo Septemba 1923 Hakoah ilizuru London na kuicharaza West Ham United mabao 5-0. West Ham ndiyo iliyokuwa imecheza fainali ya Kombe la FA mwezi Aprili mwaka huo katika uwanja mpya wa Wembley. Ni kweli kwamba Waingereza hawakuchezesha kikosi chao bora, lakini hadi siku hiyo hakuna timu yoyote kutoka bara Ulaya iliyokuwa imeilaza klabu ya Uingereza katika ardhi yake.

Mwaka uliofuata Guttmann alikuwa katika kikosi cha Hungary kilichoshiriki Michezo ya Olimpiki jijini Paris. Baada ya kuinyuka Poland 5-0, Hungary iliduwazwa na Misri kwa kichapo cha 3-0, mojawapo ya ushindi wa mwanzo mwanzo wa Afrika uliotikisa dunia ya kabumbu. Inasimuliwa kuwa Guttmann alikuwa ameghadhabishwa na maafisa waliojazana kwenye msafara, waliochagua hoteli yenye starehe na kelele za usiku kucha badala ya mahali tulivu pa wachezaji kupumzika, hata akawakamata panya na kuwaning'iniza kwenye milango ya vyumba vya wakubwa hao. Baada ya hapo hakuitwa tena katika timu ya taifa.

UBINGWA WA MKONO ULIOVUNJIKA

Msimu wa 1924-25 Austria ilianzisha ligi ya kulipwa, ya kwanza ya aina hiyo katika bara Ulaya nje ya Uingereza. Hakoah, timu ya watu waliodharauliwa kuwa hawawezi michezo, ndiyo iliyoongoza.

Taji lilipatikana kwa namna ambayo hata mtunzi wa hadithi angeogopa kuiandika. Katika mechi muhimu mwishoni mwa msimu, mlinda lango Alexander Fabian aliumia mkono. Kanuni za wakati huo hazikuruhusu mchezaji wa akiba. Fabian alifungwa bendeji, mkono ukatundikwa shingoni kwa kitambaa, naye akabadilishana nafasi na mshambulizi mmoja. Dakika chache baadaye kipa huyo alikuwa mahali palipofaa kwa wakati uliofaa na kutia wavuni bao la ushindi, mambo yakaisha 3-2. Hakoah ilikuwa bingwa wa Austria.

Mwaka 1926 mabingwa hao walivuka Bahari ya Atlantiki kwa ziara ya Marekani. Walipokelewa na Rais Calvin Coolidge. Mnamo Mei 1 mwaka huo mashabiki 46,000 walifurika katika uwanja wa Polo Grounds jijini New York kuwatazama, idadi ambayo mchezo wa soka ulihitaji miongo kadhaa kuifikia tena nchini humo. Hakoah ilishindwa 3-0 siku hiyo, lakini hasara kubwa zaidi ilikuja baada ya kipenga cha mwisho.

Wachezaji waliuona mji ambamo Myahudi aliweza kutembea bila kuangalia nyuma, na ambamo mishahara ilikuwa minono kuliko ya Vienna. Wengi waliamua kubaki, au walirudi nyumbani kwa muda tu wakaondoka tena. Guttmann alikuwa mmoja wao. Kule Vienna, Hakoah haikutwaa tena ubingwa.

Huko New York alichezea vilabu kadhaa, ikiwemo New York Hakoah, ambayo ilishinda kombe la taifa la Marekani mnamo 1929. Aliwekeza pia katika baa ya siri, kwa kuwa pombe ilikuwa imepigwa marufuku, na katika soko la hisa. Soko hilo lilipoporomoka Oktoba 1929, akiba yake nayo iliyeyuka. Mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 33, alirejea Vienna mikono mitupu.

Ni vyema msomaji akaikumbuka sehemu hii. Mtu aliyewahi kupoteza kila alichokichuma kwa jasho haoni haya baadaye kudai malipo yake mapema na kwa ukamilifu.

KIZA KINAINGIA

Guttmann alianza kazi ya ukufunzi mwaka 1933 katika klabu ile ile ya Hakoah. Baadaye alikwenda Uholanzi kuinoa timu ya Enschede, kisha akarudi Hakoah mwaka 1937.

Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Hakoah ilifutwa, matokeo ya mechi zake za msimu huo yakabatilishwa, na uwanja wake uliokuwa katika bustani ya Prater ukanyakuliwa. Miaka miwili kabla ya hapo waogeleaji watatu wa klabu hiyo, Judith Deutsch, Ruth Langer na Lucie Goldner, walikuwa wamekataa kwenda Berlin kushiriki Michezo ya Olimpiki chini ya bendera za Wanazi, na shirikisho lao likawafungia kuogelea. Sasa kila mtu aliona walichokuwa wamekiona wasichana hao.

Guttmann alirejea Budapest. Katika msimu wa 1938-39 aliiongoza klabu ya Újpest kutwaa ubingwa wa Hungary na pia Kombe la Mitropa, kipute kikuu cha vilabu vya Ulaya ya Kati. Ufanisi huo haukumkinga. Hungary nayo ilikuwa imeanza kutunga sheria za kuwabana Wayahudi, naye akapoteza kazi.

Kwa miaka mingi masimulizi kuhusu maisha yake yaliruka kutoka 1939 hadi 1945 kana kwamba miaka hiyo haikuwepo. Wengine waliandika kuwa alikimbilia Uswisi. Yeye mwenyewe hakupenda kuizungumzia. Utafiti wa mwandishi Mwingereza David Bolchover, aliyechapisha wasifu wake mnamo 2017, ulisaidia kuuweka ukweli hadharani: Guttmann hakwenda Uswisi. Alikuwa Hungary wakati wote wa mauaji.

Machi 1944 Wajerumani waliikalia Hungary. Kati ya Mei na Julai mwaka huo Wayahudi zaidi ya 400,000 walijazwa kwenye mabehewa ya treni na kupelekwa Auschwitz, ambako wengi wao waliuawa mara walipofika. Miongoni mwa walioangamia ni baba yake Guttmann na dada yake.

Guttmann alinusurika kwanza kwa kujificha. Mariann, mwanamke asiyekuwa Myahudi aliyeandamana naye hadi mwisho wa maisha yake, alikuwa na kaka mwenye duka la ususi viungani mwa Budapest. Mkufunzi aliyewahi kubebwa juu juu na mashabiki alikaa darini akisikiliza nyayo na sauti za watu chini yake, akijua kuwa kikohozi kimoja kingeweza kuwaponza wote.

Baadaye alijikuta katika kambi ya kazi za sulubu, ambako Wayahudi waliteswa na kudhalilishwa na askari wa Hungary. Mwishoni mwa 1944, kundi lake lilipokuwa karibu kusafirishwa, aliruka dirishani na kutoroka. Miongoni mwa walioruka pamoja naye ni Ernő Egri Erbstein, mkufunzi mwenzake, ambaye baada ya vita aliijenga Torino kuwa timu bora kuliko zote nchini Italia, kabla ya kufariki pamoja na wachezaji wake katika ajali ya ndege kwenye kilima cha Superga mnamo Mei 4, 1949.

Wengi wa Hakoah hawakupata dirisha la kurukia. Löhner-Beda, mmoja wa waasisi, alikamatwa mara tu Wanazi walipoingia Vienna, akapelekwa Dachau na Buchenwald, na mnamo Desemba 1942 akauawa Auschwitz. Max Scheuer, aliyekuwa nahodha wa timu ya soka, aliuawa katika kambi hiyo hiyo. Wayahudi wa Austria waliouawa walikadiriwa kuwa 65,000.

MTU ASIYEKAA

Ukiyaelewa hayo, hushangai kuwa Guttmann wa baada ya vita hakuweza kutulia mahali. Romania, Hungary, Italia, Argentina, Cyprus, Brazil, Ureno, Uruguay, Austria, Uswisi, Ugiriki: orodha ya nchi alizofundisha ni ndefu kuliko ya wakufunzi wengi wa kizazi chake. Aliamini kuwa msimu wa tatu huua. Kwa maoni yake, baada ya misimu miwili wachezaji hulizoea neno la mkufunzi na wapinzani huzisoma mbinu zake.

Kiburi chake pia kilikuwa maarufu. Alipokuwa akiinoa Kispest ya Budapest katika msimu wa 1947-48, alimwagiza difenda mmoja aliyekuwa akicheza rafu asirudi uwanjani kipindi cha pili, ingawa timu ingebaki na watu kumi. Nyota wa timu, Ferenc Puskás, alimwambia mwenzake abaki. Guttmann aliondoka kwenye benchi, akaketi jukwaani, na mechi ilipokwisha akaiacha kazi. Majina hayo mawili yangekutana tena miaka 14 baadaye.

Mwaka 1955 AC Milan ilimpiga kalamu timu ikiwa kileleni mwa ligi ya Italia. Inaelezwa kuwa tangu siku hiyo alidai kandarasi zake ziwe na kifungu kinachozuia kufutwa kwake wakati timu inaongoza.

Baada ya uasi wa Hungary wa 1956 kuzimwa na vifaru vya Kisovieti, alisafiri na kikosi cha Honvéd katika ziara ya Amerika Kusini, na mwaka 1957 akabaki Brazil kuinoa São Paulo, aliyoipa ubingwa wa jimbo. Alitumia mfumo wa 4-2-4, ambao Vicente Feola, mtu wa klabu hiyo hiyo, aliutumia Brazil iliposhinda Kombe la Dunia la 1958. Wabrazil hubisha kuhusu kiasi cha sifa anachostahili Guttmann, kwa kuwa mawazo hayo yalikuwa yakichipuka katika timu zao nyingine pia. Hata hivyo, ni vigumu kumtoa kabisa katika historia hiyo.

Kisha ikaja Ureno. Msimu wa 1958-59 aliipa Porto ubingwa uliopatikana kwa tofauti ya bao moja tu mbele ya Benfica. Majira hayo hayo ya joto, walioshindwa walimwajiri.

VIJANA WA AFRIKA

Benfica aliyoijenga Guttmann ilikuwa na uti wa mgongo wa Kiafrika. Ureno bado ilikuwa ikitawala Msumbiji na Angola, na sera ya klabu ilikuwa kuchezesha watu wa Ureno na makoloni yake pekee. Mlinda lango Costa Pereira alizaliwa Nacala, Msumbiji. Nahodha na mfumaji José Águas alitoka Lobito, Angola. Kiungo Mário Coluna, mtu ambaye mchezo mzima ulipitia miguuni mwake, alikuwa mwana wa Msumbiji.

Kwa kikosi hicho Benfica ilishinda ligi ya Ureno mwaka 1960 na 1961. Mei 31, 1961 mjini Bern, Uswisi, iliishinda Barcelona 3-2 na kuwa klabu ya kwanza mbali na Real Madrid kulitwaa Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya.

Eusébio hakuwemo siku hiyo. Jina lake lilikuwa limemfikia Guttmann kupitia José Carlos Bauer, mchezaji wake wa zamani wa Brazil, aliyemwona kijana huyo akicheza Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo hivi leo. Inasimuliwa kuwa wawili hao walikutana kwa sadfa katika kinyozi mjini Lisbon. Guttmann hakusubiri. Benfica ilimleta kijana huyo Desemba 1960, huku watani wao Sporting wakilalamika kuwa alikuwa wao, maana klabu aliyotoka ilikuwa tawi lao.

Juni 1961, katika mashindano ya Paris, Benfica ilikuwa imezidiwa na Santos ya Pelé. Guttmann alimwingiza Eusébio, naye akapachika mabao matatu. Benfica ilishindwa 6-3, lakini kesho yake Ulaya nzima ilikuwa ikiulizana kijana huyo ni nani.

Mei 2, 1962 Benfica ilirudi fainali, safari hii Amsterdam dhidi ya Real Madrid. Puskás, yule yule aliyempinga Guttmann kule Kispest, alifunga mabao matatu na Real ikaenda mapumzikoni ikiongoza 3-2. Kipindi cha pili Coluna alisawazisha kwa kombora kutoka mbali, kisha Eusébio akacheka na nyavu mara mbili. Mambo yaliisha 5-3. Mtoto wa kitongoji cha Mafalala alikuwa bingwa wa Ulaya akiwa na miaka 20.

Mkufunzi huyo alikuwa na umri wa miaka 63. Miaka 18 kabla ya hapo alikuwa amejificha darini.

LAANA AU POROJO?

Baada ya ushindi huo Guttmann aliomba nyongeza ya malipo. Wakuu wa klabu walikataa, naye akaondoka. Hapo ndipo inaposemwa kuwa alitamka laana yake.

Kinachofuata ni kumbukumbu isiyopingika. Benfica ilishindwa katika fainali za Kombe la Klabu Bingwa za 1963, 1965, 1968, 1988 na 1990. Ilishindwa pia katika fainali ya Kombe la UEFA mwaka 1983, na zile za Ligi ya Europa za 2013 na 2014. Fainali nane, vichapo vinane. Ile ya 2013 ilichezewa Amsterdam, mji wa furaha ya 1962, na Chelsea ikapata bao la ushindi katika dakika za majeruhi.

Hata hivyo, dua la kuku halimpati mwewe, na hapa kuna sababu nzuri za kushuku kama dua yenyewe ilipigwa. Guttmann alirudi kuinoa Benfica hiyo hiyo msimu wa 1965-66. Je, mtu aliyeiapiza klabu kwa karne nzima angekubali kuifundisha miaka mitatu baadaye, na je, klabu iliyoapizwa ingemwajiri? Waliochunguza habari hiyo wanasema kuwa hawakuiona katika magazeti ya wakati alipoondoka. Inaelekea simulizi ilikua kadiri vichapo vilivyoongezeka.

Kuna ubaya pia katika kuipenda mno hadithi hii. Picha ya Myahudi mlipiza kisasi, mwenye uchu wa fedha na ulimi wa kulaani, ni ya kale barani Ulaya, na ndiyo picha ambayo waasisi wa Hakoah walikuwa wakiipiga vita mwaka 1909. Guttmann alidai ujira wa kazi aliyoifanya. Aliponyimwa, alifanya alichokifanya maisha yake yote: alifunga mizigo.

Baada ya kwenda zake mwaka 1962 aliipa Peñarol ubingwa wa Uruguay. Alizunguka Uswisi, Ugiriki na Austria, na akamalizia Porto mwaka 1974. Alifariki Vienna mnamo Agosti 28, 1981 akiwa na umri wa miaka 82.

Mwaka 2014 Benfica iliweka sanamu yake katika uwanja wake wa Luz, akiwa ameyashika makombe mawili mikononi. Mwaka huo huo, mnamo Januari 5, Eusébio naye alikuwa ameiaga dunia. Aprili 2022 vijana chipukizi wa Benfica waliicharaza Salzburg ya Austria 6-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya vijana, na baadhi ya mashabiki wakapumua wakidhani pepo ametoka.

Hakoah nayo ilifufuliwa baada ya vita, ingawa kikosi chake cha soka hakikudumu. Mwaka 2008 klabu hiyo ilifungua kituo kipya cha michezo katika bustani ya Prater, karibu na mahali ulipokuwa uwanja wake ulionyakuliwa.

Katika bustani hiyo hiyo ndimo ulimo uwanja ambamo Benfica ilishindwa na Milan mwaka 1990. Septemba 1939 Wanazi waliwafungia humo wanaume wa Kiyahudi zaidi ya 1,000, kabla ya kuwapeleka Buchenwald. Wanaotafuta mizimu katika uwanja huo wataikuta, lakini si ya mkufunzi aliyenyimwa nyongeza ya mshahara.